Saa za Jioni Zisizo na Ujira: Historia ya Mafunzo ya Kazini katika Ufipa

Historia ya kazi katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, imezoeleka kuandikwa kwa kufuata kodi, misheni na mazao ya chakula, na ni mara chache imeandikwa kwa kufuata saa, yaani kwa kuuliza ni muda gani katika siku ya mtu uliohesabiwa kuwa wa mwajiri, ni upi uliobaki kuwa wake mwenyewe, na nani aliyebeba gharama ya muda uliotumika kujifunza kazi. Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa mafunzo ya kazini, kwa maana ya mafundisho anayopewa mtu aliyekwisha kushika kazi ili aifanye vizuri zaidi, yamewekwa kwa muda mrefu mahali pasipo na mwenyewe: hayaitwi kazi, kwa hiyo hayalipwi, wala hayaitwi mapumziko, kwa hiyo hayakataliwi. Mwalimu, muuguzi, karani au muuza duka anayeishi Majengo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, anapoambiwa mchana kwamba jioni ya siku hiyo hiyo abaki kwa mafunzo, anakutana na desturi iliyojengwa hatua kwa hatua katika kipindi cha zaidi ya karne moja. Na katika kipindi hicho kulikuwa na wakati ambapo serikali yenyewe iliagiza kinyume chake.

Kabla ya kazi ya ujira kuingia, Ufipa ilikuwa miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizosifika kwa uhunzi. Chuma kilipatikana kwa hatua tatu. Mawe yenye madini yaliyeyushwa kwanza katika ilungu, tanuri refu la udongo lenye kimo cha kuzidi mtu mzima kwa mbali, ambalo halikuhitaji mivukuto kwa sababu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu yaliyoachwa chini. Kisha bonge lililotoka humo lilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lililovuviwa kwa mivukuto. Na hatimaye mhunzi alifua jembe, shoka au mkuki. Watafiti waliochunguza ustadi huu, wakiwamo mwanaanthropolojia Roy Willis na mwanaakiolojia Bertram Mapunda, wameonyesha jinsi ulivyoshikamana na maisha yote ya jamii, kuanzia kilimo hadi miiko ya uzazi, kwani wayeyushaji walikaa kambini wakijitenga na wake zao, na fundi mkuu alitunza kikapu cha dawa kilichoitwa intangala.

Katika kambi ya namna hiyo hapakuwa na saa ya kujifunza iliyotengwa na saa ya kazi. Kijana alijifunza kwa kuchoma mkaa, kukanda udongo, kubeba mawe na kukesha na tanuri pamoja na wakubwa wake, na kwa kawaida ujuzi huo ulipitishwa ndani ya ukoo, kutoka kwa baba au mjomba. Hakulipwa fedha, lakini itakuwa kosa kuyaita mafunzo hayo ya bure, maana aliyekuwa kambini alikula chakula cha kambi, alihesabiwa miongoni mwa waliotoa chuma, na alikuwa na haki ya kutarajia kwamba siku moja ujuzi huo ungekuwa wake na wa wanawe. La muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo ilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, wakati ambapo shamba la ulezi halikumdai mtu. Kila mmoja aliujua msimu huo tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeitwa kwenye ilungu siku ambayo mbegu zilipaswa kuingia ardhini.

Mpangilio mwingine uliletwa na Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, ambao mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kituo kilichokuwa kimeanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka Karema misheni zilienea hadi uwandani, na pamoja nazo ukaenea ukatekista, yaani kazi ya mlei aliyefundishwa dini ili naye akaifundishe vijijini. Utaratibu wa shirika hilo ulidai mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo, na kwa hiyo ulihitaji walimu wengi wa vijijini kuliko mapadri waliokuwapo. Katekista alipata ujira mdogo, alilima shamba lake kama majirani zake, na mara kwa mara aliitwa misheni kuongezewa mafundisho. Misheni ililea watu wa kwanza wa Ufipa waliojua kusoma, kuhesabu na kujenga kwa matofali, na deni hilo ni la kukiri waziwazi. Hata hivyo, ndiko pia lilikoanzia wazo ambalo baadaye lilihamia katika shule na hospitali za serikali: kwamba anayefundisha au kuuguza amejibu wito, na kwamba mwenye wito hahesabu saa.

Serikali za kikoloni ziliongeza jambo tofauti. Kodi ya vibanda iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898 ilimlazimisha Mfipa kutafuta fedha, na kwa kuwa uwanda wenyewe ulikuwa na waajiri wachache, vijana wengi wa nyanda za kusini magharibi walikwenda mbali. Walioandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga, waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alisafiri kwa namba yake, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji huo ulisimamiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Shambani mtu alipewa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ilitiwa alama baada tu ya kumaliza ngwe aliyopimiwa. Hapo hapakuwa na mafunzo ya kuzungumziwa, kwani mkata mkonge alionyeshwa kisu na mstari, akaachwa ajifunze kwa majeraha. Lakini kipande kilifundisha somo moja ambalo lilirudi Ufipa pamoja na waliorudi, nalo ni kwamba siku isiyotiwa alama haikuwapo kwa mwajiri, hata kama mwili uliitumikia.

Baada ya uhuru hali ilibadilika kwa kasi ambayo leo imesahauliwa mno. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 iliunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi na kumpunguzia mwajiri uwezo wa kufukuza au kuadhibu atakavyo. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Na mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, tamko ambalo lilikemea viongozi wenye kiburi na ukali kwa walio chini yao, na ambalo wafanyakazi wa viwandani walilitumia katika migomo ya miaka iliyofuata. Wakati huohuo Rais Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na swali likazuka mara moja: mtu mzima aliyeajiriwa asome saa ngapi?

Jibu la serikali lilitolewa katika Waraka wa Waziri Mkuu Na. 1 wa mwaka 1973, wakati Rashidi Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu. Waraka huo uliagiza kila mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu ya wafanyakazi na afisa wa kuusimamia, na kwamba masomo yafanyike ndani ya saa za kazi. Maana ya agizo hilo ilikuwa kubwa. Lilikiri kwamba elimu ya mfanyakazi inamfaidi mwajiri na taifa pamoja na mfanyakazi mwenyewe, na kwa hiyo si haki gharama yake yote ikatwe kwenye jioni ya mtu mmoja. Liliondoa pia ugumu wa taarifa za ghafla, kwani somo lililomo katika ratiba ya kazi halihitaji kutangaziwa mtu saa mbili kabla. Si kila meneja aliyelitii, na wengine walilalamika kwamba uzalishaji ungeshuka, lakini kwa kipimo chochote cha haki hilo ndilo agizo bora zaidi lililowahi kutolewa nchini kuhusu suala hili.

Katika Ufipa agizo hilo liligusa watu wachache, kwa sababu mji wa Sumbawanga haukuwa na viwanda vya kuwakusanya wafanyakazi mamia kwa mamia. Mwaka 1974 uliundwa Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ikawa makao yake makuu, na waajiri wakubwa wakabaki serikali, Kanisa, na mashirika ya umma kama Shirika la Usagishaji la Taifa lililonunua mahindi ya wakulima. Mwajiriwa wa kawaida wa mkoa huo mpya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ni kwa mwalimu kwamba kanuni ya mwaka 1973 ilivunjika.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliazimia kwamba lengo la kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, ambalo awali lilipangwa kufikiwa mwaka 1989, lifikiwe mwaka 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980, huku vyuo vya ualimu vikiwa na uwezo wa kutoa sehemu ndogo tu ya walimu waliohitajika. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwaweka shuleni wafundishe mara moja, na kuwafunza ualimu hukohuko walikofundisha. Kati ya mwaka 1976 na mapema miaka ya 1980 waliandikishwa zaidi ya vijana 45,000 nchi nzima kwa mpango huo, ambao kwa kifupi uliitwa UPE kwa kufuata jina la Kiingereza la elimu ya msingi kwa wote.

Siku ya mwalimu-mwanafunzi huyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi saa ya kujifunza ilivyohamishwa kutoka ndani ya kazi hadi nje yake. Asubuhi alisimama mbele ya darasa, mara nyingi la watoto wa madarasa ya chini ambao umri wao haukuachana sana na wa wadogo zake. Baada ya hapo alikuwa mwanafunzi: alisoma masomo yaliyotumwa kwa posta, alisikiliza vipindi vya redio, na alikutana na mkufunzi aliyezunguka shule kadhaa kuwafundisha na kuwakagua walimu wa aina yake. Mafunzo hayo yalidumu miaka mitatu na yalimalizikia kwa wiki chache za kukaa chuoni. Kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea, sera ya mwaka 1967, ilitaka kila shule iwe na shamba, alihitajika shambani pia. Na kwa kuwa shule ya msingi ilikuwa imefanywa kituo cha elimu ya watu wazima, alitarajiwa jioni kuwafundisha wazazi wa watoto aliowafundisha asubuhi. Aliyefundisha kisomo kwa kujitolea alipewa kifuta jasho kidogo cha mwezi, na mwalimu-mwanafunzi mwenyewe alipokea posho iliyokuwa chini ya mshahara wa mwalimu kamili.

Ni dhahiri kwamba katika mpango huu mafunzo yalikuwa sharti la kazi na si hiari, na kwamba hayakuwa na saa zake katika hesabu ya malipo. Tena yalitegemea ujio wa mkufunzi, ambaye alisafiri kwa baiskeli, kwa miguu au kwa lifti ya lori katika mkoa ambao hata barabara yake kuu ya kwenda Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 200, iliendelea kuwa ya vumbi hadi muongo wa pili wa karne hii. Barua iliyotangulia ujio huo ingeweza kufika baada ya mwandishi wake, na hivyo ndivyo wito wa ghafla ulivyozoeleka: mwanzoni ulitokana na umbali na uhaba wa usafiri wala haukuwa dharau ya mkubwa kwa mdogo. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli wakati wake. Kwa mwajiri wa leo mwenye simu mkononi na kundi la WhatsApp la wafanyakazi wake, haipo tena, na asiitumie.

Walimu hao walidharauliwa sana. Herufi za UPE zikageuzwa mitaani kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na kejeli hiyo ikadumu kuliko mpango wenyewe. Ilikuwa kejeli isiyo na haki. Nchi iliwataka vijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane wafundishe, wasome, walime na waendeshe kisomo cha jioni kwa wakati mmoja, ikawalipa nusunusu, kisha ikawacheka kwa kutojua vya kutosha. Kwamba sehemu kubwa yao walimaliza na kufaulu, na kwamba vijiji vingi vya Ufipa vilipata mwalimu wa kudumu kwa mara ya kwanza kupitia wao, ni sifa ambayo vitabu vya historia ya elimu bado havijawapa ipasavyo.

Gharama halisi ya jioni hizo haiwezi kueleweka bila kutazama kalenda ya kilimo. Rukwa ilikuwa mojawapo ya mikoa minne, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ambayo taifa liliitegemea kwa mahindi, na mtumishi wa serikali katika Sumbawanga, tofauti na mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kawaida alikuwa na shamba la mahindi, maharage au ulezi umbali wa kutembea kutoka anapoishi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika majuma ya kupanda na ya palizi, alasiri mbili zilizopotea zinaweza kuwa magunia, na mshahara uliposhuka thamani kwa kasi katika mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980, magunia hayo ndiyo yaliyoilisha familia ya mtumishi. Anayesema kwamba mafunzo ya jioni hayamgharimu mfanyakazi kitu kwa sababu yuko nje ya kazi anahesabu kama mtu asiye na shamba.

Mgogoro huohuo ulizaa desturi iliyoonekana kuwa kinyume chake, nayo ni semina yenye posho. Miradi ya wafadhili iliyoongezeka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 iliwakusanya watumishi hotelini au kwenye vituo vya walimu, ikawalipa nauli na fedha za kujikimu, na kwa mtumishi ambaye mshahara wake haukutosha mwezi, siku mbili za semina ziliweza kuwa nafuu kubwa. Posho hizo zimelaumiwa kwa haki katika mambo mengi: ziligeuza orodha ya washiriki kuwa zawadi ya kugawiwa na wakubwa, na ziliwazoesha watu kupima mafunzo kwa bahasha. Lakini lawama hiyo hutolewa mara nyingi bila kuuliza posho ilijaza pengo gani. Kama kanuni ya kumfunza mtu ndani ya saa zake za kazi na kwa mshahara wake kamili ingelindwa, na mshahara wenyewe ungetosha, posho isingepata mahali pa kuota. Matokeo yake ni mgawanyiko unaoonekana hadi sasa, ambapo mafunzo yenye mfadhili hulipiwa posho na kutangazwa mapema, ilhali yale ya ndani, yanayoitishwa na mkuu wa kituo au mwenye duka, huitishwa siku hiyo hiyo na huwa ya bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, iliweka mipaka iliyo wazi: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki; saa za ziada zifanyike kwa makubaliano tu, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Walio katika menejimenti ya juu hawamo katika masharti hayo, lakini mhudumu wa nyumba ya wageni, muuza duka la dawa na mwalimu wa shule binafsi wamo. Kifungu cha saa za kazi hakiyataji mafunzo kwa jina, na ni katika ukimya huo kwamba mwajiri hupitisha mkutano wa jioni wa kufundisha mfumo mpya wa hesabu au namna ya kupokea wateja. Ukimya huo haumpi haki. Mtu aliyeamriwa kuwapo, mahali alipoamriwa, kwa jambo la kazi yake, huku kutohudhuria kukiwa kosa, yuko kazini, na saa zake ni saa za ziada zinazohitaji makubaliano na malipo. Marekani ilikwisha kuliweka wazi jambo hili katika kanuni za sheria yake ya ujira ya mwaka 1938, ambako muda wa mafunzo unaweza kuachwa bila malipo ikiwa tu uko nje ya saa za kawaida, ni wa hiari ya kweli, hauhusiani moja kwa moja na kazi ya mtu, na hakuna kazi inayofanyika wakati huo; likikosekana sharti moja, mwajiri analipa. Kanuni ya namna hiyo ingefaa sana kuandikwa Tanzania Bara.

Katika shule za serikali, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi chake cha MEWAKA, umerudisha mafunzo shuleni kupitia jumuiya za ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaokutana mara kwa mara kujadili masomo yanayowasumbua. Wazo hilo ni zuri na lina undugu na lile la mwaka 1973, mradi kikao kiwe na nafasi yake katika ratiba ya shule. Kinaposukumwa hadi baada ya kengele ya mwisho, kwa mwalimu ambaye tayari ana daftari za kusahihisha na shamba la kupalilia, kinarudi kuwa kile kilichowachosha walimu wa UPE.

Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 140 kuhusu likizo ya mafunzo yenye malipo, unaozitaka nchi wanachama kuweka sera ya kumwezesha mfanyakazi kusoma katika saa za kazi huku akilipwa. Kenya iliuridhia mwaka 1979, na Tanzania iliuridhia mwaka 1983. Vyama vya wafanyakazi, yaani Chama cha Walimu Tanzania, TUGHE kwa wauguzi na watumishi wa serikali, TUICO kwa wafanyakazi wa maduka na CHODAWU kwa wale wa hoteli, vina wajibu wa kuuweka mkataba huo mezani kila vinapojadiliana na waajiri mikataba ya hali bora, na kudai vifungu vitatu visivyo na gharama kubwa: mafunzo ya lazima yawe ndani ya saa za kazi, yakizidi yalipwe kama saa za ziada, na taarifa yake itolewe kwa maandishi si chini ya wiki moja kabla.